Mwandishi Wetu, Newala

Gazeti la Chama linaandikiwa historia. Habari hiyo niliipata kwa bwana mmoja aliyekuja kwangu Lisekese, hapa Masasi, na gari jeupe, amevaa kizibao chenye mifuko kumi na miwili. Nilipata muda wa kuihesabu, maana alizungumza nusu saa nzima kabla hajaniuliza swali hata moja. Alijitambulisha kuwa mtaalamu wa mawasiliano. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina bustani ya mchicha na goti linalouma, kwa hiyo nilimsikiliza kwa adabu.

Kitabu chenyewe, alisema, kitakuwa kikubwa, cha karatasi inayong'aa. Kitazinduliwa ukumbini Dar es Salaam na watu watakula. Sisi wazee tuliolitumikia gazeti mikoani tumebaki wachache, na kila mmoja anaombwa kurasa mbili za kumbukumbu. "Kumbukumbu za kujenga, mzee wetu," alisisitiza. Neno hilo, kujenga, nimelisikia maisha yangu yote kutoka kwa watu wasiojua hata kushika pimamaji.

Nikamwuliza kama magazeti yenyewe ya zamani wanayo. Akakuna shingo. Mengi yameliwa na mchwa, mengine yalilowa, ndiyo sababu anazunguka nchi nzima akitafuta vipande. Nilicheka mpaka goti likauma. Gazeti lililotufundisha miaka nenda rudi jinsi ya kutunza mali ya umma lilishindwa kujitunzia nakala zake lenyewe! Ningeweza kumwambia zilikokwenda. Zilifungia dagaa na karanga kuanzia sokoni Masasi mpaka mpakani. Kule juu Newala wanaume walizipenda kwa kusokotea tumbaku, na ukurasa wa hotuba ulipendwa kuliko wa michezo kwa sababu haukuwa na picha, na wino wa picha ulikuwa unawasha koo. Hiyo ndiyo huduma pekee ya gazeti lile ambayo sijawahi kusikia mtu akiilalamikia. Lakini haijengi, kwa hiyo sikuisema.

Niliingia gazetini nikiwa mwalimu mpya, kijana wa miaka ishirini na moja, katika shule moja karibu na Chilangala, wilayani Newala. Chama chetu hakikujiita cha kikomunisti, kilijiita cha kijamaa, lakini gazeti lake lilikuwa na tabia zile zile za ndugu zake wa nchi za mbali: kiongozi ukurasa wa kwanza, trekta ukurasa wa tatu, na mkulima anayecheka popote palipobaki nafasi. Waliniteua kuwa mwandishi wao wa wilaya kwa sababu mbili. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa na baiskeli. Kuhusu ukweli hakuna aliyeniuliza. Walinipa daftari, bahasha zenye anwani tayari, na kadi ambayo niliiweka mfuko wa shati kwa namna ambayo ncha yake ionekane. Nilitembea kifua mbele kama jogoo. Nikikumbuka naona aibu, lakini wakati ule nilijiona mtu.

Habari zetu hazikubeba majina yetu. Sisi wote wa wilayani tuliitwa Mwandishi Wetu. Habari ikitoka kwangu, chini ya kichwa iliandikwa "Mwandishi Wetu, Newala", basi. Tuliambiwa huo ni unyenyekevu wa kijamaa, na kwetu nyumbani walidhani kadi ile ni ya uanachama tu. Niliukubali unyenyekevu huo haraka sana, na nitaeleza ulivyonifaa.

Tatizo letu lilikuwa njia. Barua kutoka Newala ilishuka kwa basi mpaka Masasi, ikalala, ikaenda pwani, ikalala tena, halafu ikaanza safari ya Dar es Salaam, na masika Mto Rufiji ukijaa ilikaa upande huu pamoja na abiria na kuku wao. Gazeti lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Mkutano wa leo watu wangeusoma wakiwa wameshausahau. Mhariri akaniandikia kijibarua: habari zako zinafika zimechacha, jirekebishe. Nikaendesha baiskeli mpaka Masasi kumwuliza mwandishi mwenzangu wa huko, karani mtu mzima aliyekuwa kwenye kazi hiyo kabla yangu. Nilimkuta anamenya chungwa.

"Unangoja jambo litokee ndipo uliandike?" aliniuliza. "Wewe ni mwandishi au shahidi?"

Akanifundisha. Mgeni akija Jumamosi, unaandika tangu wiki ya nyuma kwamba alikuja, umati ukamlaki, akawaasa wananchi walime zaidi, wakampigia makofi. Gazeti likitoka atakuwa ameshakuja. Kuna mgeni amewahi kukosa makofi? Yeye aliita jambo hilo kuwahisha. Sote tulikuwa tunawahisha, nchi nzima, na ninavyoona mimi historia ya gazeti lile inatosha kuandikwa kwa neno hilo moja.

Nilikuwa hodari. Niliwahisha mikutano, niliwahisha upandaji miti. Mara moja mvua iliufuta mkutano ambao nilikuwa nimeshaupa umati mkubwa. Nilikosa usingizi bure. Gazeti lilipofika na kusomwa kwa sauti kwenye darasa la kisomo, watu wazima waliokuwa wamekaa majumbani mwao siku ile walisikia kwamba walikuwa mkutanoni, wakatikisa vichwa, na mzee mmoja akakumbuka hata maneno ya mgeni. Kijiji kingine tulikiandikia kwamba kimepata bomba la maji. Wanawake wake waliendelea kuteremka bondeni na ndoo, na walipokwenda kuuliza wilayani waliambiwa mbona maji mnayo, someni gazeti. Ndivyo ilivyokuwa. Kitu kikishachapishwa kilikuwa kimetokea, na kama hakikutokea basi kosa ni la kitu hicho.

Sasa nifike kwa mjomba.

Asiye wa huku inabidi aelezwe. Kwetu, Wamakonde na Wamakua wa upande huu, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba yako anakupenda, anakulisha, lakini mwenye wewe ni kaka wa mama yako. Mjomba wangu ndiye aliyenitoa jandoni, ndiye aliyenishika mkono kunipeleka shule. Mpwa anaingia kwa mjomba wake bila hodi, anafunua sufuria bila kuuliza, na akisema neno mbele za watu kwa niaba ya mjomba hakuna anayemwuliza alitumwa lini. Kosa langu lilipitia mlango huo. Mtu wa kabila lingine labda asingelifanya.

Nyumba ya mjomba ilikuwa katikati ya mikorosho yake, ya miti na udongo, yenye baraza pande mbili na dari ya mianzi ambapo mkaza mjomba, yaani mke wake, aliweka mtama, njugu na mbegu za msimu ujao. Ilipotoka amri ya watu wote kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, mjomba hakukataa. Alisema mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba atahama akimaliza kuokota korosho. Wiki ile mkaza mjomba alikuwa anakwenda kwao Mkunya, kwenye unyago wa mtoto wa dada yake, pamoja na binti yao wa pekee, wa miaka tisa hivi. Mjomba akamwahidi kwamba mpaka atakaporudi hautang'oka hata ufito mmoja, ili ateremshe vitu vyake darini mwenyewe. Ahadi hiyo niliisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nakula ugali wao.

Siku chache baadaye mhariri akaleta agizo. Anataka habari ya watu kuhamia vijijini kwa hiari, na safari hii hataki "wananchi". Anataka mtu mmoja, mkulima hasa, mwenye jina lake kamili, wa kuwa mfano. Nani angeniazima jina lake kwa kazi hiyo? Nikachukua la mjomba, kama nilivyozoea kuchukua kiazi chake jikoni. Nikaandika kwamba mkulima huyo amebomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe huku akiimba, na kwamba alisema ana furaha kubwa kuwa wa kwanza kuhamia kijijini. Nilipiga hesabu ya siku. Barua ingechukua wiki mbili, gazeti wiki moja au zaidi. Wakati huo korosho zimekwisha, mkaza mjomba amerudi, nyumba imebomolewa kweli, na nani angejali habari ya kuimba? Nilidhani hata mjomba atafurahi kuona jina lake. Naomba niseme wazi: nilikuwa mjinga mwenye mwandiko mzuri.

Gazeti lile halijawahi kumkimbilia mtu. Halikuwahi kukimbilia njaa, wala ugonjwa wa mikorosho, wala watoto waliokufa kwa surua. Lilikimbia mara moja tu. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi Dar es Salaam kwa ndege kutoka Mtwara aliibeba bahasha yangu kwa wema wake, na mgeni mwingine akaja na furushi zima la gazeti lenyewe kwa ndege. Siku ya sita baada ya kuandika, bwana mkubwa mmoja wa wilayani alilisoma akinywa chai. Eneo lake ukurasa wa mbele! Akapanda Landrova na mgambo wanne kwenda kumpongeza mkulima wa mfano, na njiani akanipitia shuleni nikaone matunda ya kazi yangu.

Tulimkuta mjomba amekaa barazani anasuka tenga la korosho, chini ya paa ambalo kwa mujibu wa gazeti halikuwepo.

Nilingoja bwana mkubwa anigeukie mimi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini hakunigeukia. Alilitazama gazeti, akaitazama nyumba, akalitazama gazeti tena. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, naujua uso ule. Ni uso wa mwalimu mvivu anayekuta jibu la mtoto halilingani na jibu la nyuma ya kitabu. Hafikirii kwamba kitabu kinaweza kukosea. Anachukua kalamu nyekundu.

"Mzee," alimwambia mjomba, "gazeti limeshatoka."

Hakusema uhame. Hakusema hata kwamba umevunja amri, kwa sababu mjomba hakuwa amevunja amri yoyote. Mjomba alijibu kwamba mke wake hayupo, na vitu vyake viko darini.

"Humu habari za mke hazimo," bwana mkubwa akasema, akilipiga gazeti kwa vidole.

Mgambo wakapanda juu. Kufika adhuhuri hapakuwa na nyumba. Mtama wa mkaza mjomba ulimwagika kutoka darini ukachanganyika na udongo wa kuta, na kuku wakala mpaka wakashindwa kutembea. Mjomba alipewa boriti ashike, ili awe amebomoa kwa mikono yake. Akaambiwa aimbe, maana kuimba kumeandikwa. Hakuimba. Wakaimba mgambo. Bwana mkubwa alinishika bega mbele ya mjomba, akasema kwa sauti ya kumpongeza mzazi, "Mpwa wako huyu ana kalamu." Hapo mjomba akajua. Aliniangalia kidogo tu. Halafu akaniambia nishike upande wa pili wa mlango wasije wakauvunja. Nikaushika.

Kule Mkunya gazeti lilisomwa kwenye kisomo, kama kwingine kote. Mkaza mjomba alikuwa amekaa na wanawake wenzake, akasikia jina la mume wake, akasikia kwamba amebomoa nyumba akiimba. Wakampigia vigelegele. Walimpa hongera kwa kuolewa na shujaa. Alimchukua binti yake wakatembea kutwa nzima, wakafika kwenye kifusi. Mjomba akamwambia haikuwa hivyo, wamebomoa wao. Mkaza mjomba akamwuliza swali moja: kama haikuwa hivyo, nani aliwaambia watu wa gazeti? Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kikapu. Mjomba akanyamaza. Akamwuliza tena. Mjomba akainama kuokota fito.

Mkaza mjomba akaokota vyungu vyake vilivyosalia, akarudi Mkunya na mtoto, na hakurudi tena. Kwetu hilo halihitaji hakimu, watoto ni wa upande wake. Hata akina mama waliomjua mjomba tangu ujana waliamini gazeti, kwa sababu mjomba alikuwa mtu wa maneno machache na gazeti lilikuwa na maneno mengi. Binti alikua akiambiwa kwamba baba yake alivunja ahadi na nyumba siku moja, tena kwa nyimbo, ili wakubwa wampe sifa. Mjomba hakuoa tena. Alijenga kibanda kando ya barabara pale kijijini, chumba kimoja, akaishi humo mpaka alipokufa. Korosho alikuwa anazifuata shambani kwa miguu, kwenda na kurudi, kila msimu.

Mimi je? Mimi niliendelea na kazi. Kumwambia mkaza mjomba ukweli kulimaanisha kusema kwamba gazeti la Chama limedanganya, na mwalimu aliyesema hivyo wakati ule hakubaki mwalimu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata sikujipa sababu yoyote, nilishazoea.

Mjomba hakunitaja kwa mtu. Niliamini kwamba ananidharau kiasi cha kutotaka kuniweka mdomoni, na kwa kuwa nilistahili dharau hiyo, niliiona kama adhabu niliyokwisha kuitumikia. Mwaka mmoja alikuja kwenye darasa langu la kisomo, akakaa nyuma na watu wazima wenzake, akajifunza a, e, i, o, u. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Siku alipojua kusoma alitoa mfukoni kipande cha gazeti chenye ile habari yangu, akakisoma chote mbele yangu kwa kidole, neno kwa neno, tukiwa wawili tu. Alipofika pale palipoandikwa kwamba alisema ana furaha kubwa, kidole kikasimama.

"Furaha yangu uliiona wapi?" aliniuliza.

Nilifuta ubao. Aliniaga vizuri, akatoka. Darasani hakuja tena.

Baadaye gazeti likachoka. Vyama vingi vilipokuja lilijikuta linauzwa badala ya kugawiwa, likagundua kwamba wasomaji wake wote walikuwa watu wasio na njia ya kulikwepa. Mimi nilihamishiwa Masasi, nikastaafu. Na sasa bwana wa mifuko kumi na miwili alikuwa amekaa kwenye kiti changu, akafungua kompyuta yake ndogo, akanionyesha kwa fahari kipande kimoja walichokipata kikiwa kizima. Nadhani mmeshajua ni kipi.

Anakitaka kwa ukurasa mzima. Kitaitwa Sauti ya Mkulima. Tena wamebahatika, alisema, binti wa yule mkulima yu hai, yuko Mkunya, na kesho anakwenda kumpiga picha akiwa ameshika kipande hicho huku akitabasamu. "Tatizo dogo tu, aliyeandika hatumjui. Imeandikwa Mwandishi Wetu." Akaniuliza kama labda mimi namkumbuka. Nikamwambia kesho nitampeleka Mkunya mwenyewe, yule ni binamu yangu. Alifurahi sana, akasema hiyo itakuwa simulizi chanya. Niseme mapema ili msomaji asihangaike: kitabu kitatoka, na kurasa zangu hazitakuwemo. Nimeshajulishwa kwa heshima kwamba nafasi imejaa.

Usiku ule nilijadiliana na nafsi yangu mambo ya kipuuzi. Mkaza mjomba amekwisha kufa. Mjomba amekwisha kufa. Lakini binti yuko, ana miaka sitini na kitu, na kitabu kile kingempa baba yake karatasi inayong'aa ya kuimbia mpaka mwisho wa dunia. Aliyebaki wa kumtoa baba yake humo ni mimi tu.

Tulimkuta uani anaanika makopa ya muhogo juu ya mkeka. Binamu mtoto wa mjomba ni mtani, kwetu mnaweza hata kuoana, na yeye hajawahi kuniacha bila kunitania.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Mume wangu, leo umeletwa na gari kabisa? Kumbe ulikuwa na uwezo, ukaniacha nizeeke!"

Nikacheka. Akatuletea viti na maji. Bwana wa mifuko akatoa maelezo yake, urithi wetu, sauti ya mkulima, halafu akampa ile karatasi na kuanza kuandaa kamera. Binamu yangu aliisoma mwenyewe, bila miwani, kwa kuisogeza mbali. Uso wake ulikunjamana.

"Nitabasamu kwa lipi?" aliuliza. "Kwa kuwa baba aliimba?"

Bwana akasema ni mfano wa mwitikio wa wananchi.

"Andikeni bila picha yangu. Si uongo, mama alirudi akakuta kifusi, na mimi nilikiona. Lakini msinishikishe. Aliyeimba ni yeye."

Karatasi akaiweka chini, akaikandamiza kwa kipande cha muhogo isipeperuke, akarudi kugeuza makopa yake. Bwana alinitazama mimi nimshawishi. Ningeweza kunywa maji niliyopewa na kuondoka.

"Hakuimba," nikasema. "Waliimba mgambo."

Aliendelea kugeuza. Nikasema yote. Nilimwambia nani aliandika na aliandika lini, kwamba nyumba ilikuwa imesimama siku niliyoandika kwamba imebomolewa, kwamba bwana mkubwa alikuja na gazeti mkononi akaivunja nyumba ili ilingane nalo. Nilimwambia kuhusu boriti aliyoshikishwa. Bwana wa mifuko alikohoa, akasema mzee wetu, labda tusiende huko. Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinyamaza.

Binamu yangu akauliza, "Baba alijua kwamba ni wewe?"

"Alijua. Saa ile ile."

"Na mama alipomwuliza nani kawaambia watu wa gazeti, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale. Nimeshika kikapu."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza."

Akasimamisha mikono.

"Basi jina alikuwa nalo mdomoni," alisema. "Angelitaja tu, mama angekaa."

Nikamwambia vile nilivyoamini siku zote, kwamba mjomba alinidharau, hakutaka hata kunitaja.

"Dharau gani?" Hakupaza sauti. "Mtu hafukuzi mke na mtoto kwa dharau. Wewe ni wa ukoo wake. Sisi tulikuwa wa huku Mkunya. Angekutaja, mama angekupigia kelele mpaka wilayani, na kazi ungepoteza. Alituweka sote wawili kwenye mzani mmoja, mimi na wewe. Akakuchukua wewe."

Nilikuwa nimejivika dharau ya mjomba miaka hamsini kwa sababu ilikuwa nyepesi. Hili sikuwa na pa kulishikia.

Bwana, akidhani mazungumzo yamefika mwisho, aliuliza kama anaweza kupiga picha moja tu ya kawaida, bila karatasi, mama akiwa na makopa yake. Binamu yangu alimwelekezea gari kwa kidole. Akaenda kukaa garini.

Binamu yangu aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Mikono yake ilikuwa imejaa unga mweupe wa muhogo.

"Msiba wa baba nilikuja, unakumbuka," alisema. "Nilikaa na wageni. Walinikaribisha ndani nikakataa. Nilikula wali, nikaaga, nikawahi gari la saa nane. Sikulia. Nilitaka watu wa kwenu waone kwamba silii."

"Nakumbuka," nikasema.

"Haya. Sasa nikamlilie wapi?"